Msafara wa Kabichi

Mume wangu ana hadithi moja tu, na mimi nimeisikia mpaka naweza kuisimulia nikiwa usingizini. Ni hadithi ya jinsi walivyoviziwa mlimani alipokuwa dereva wa jeshi. Mgeni akiingia kwetu hapa Migosi, Kisumu, kabla chai haijamiminwa, mzee wangu huwa ameshafika kwenye kona ya kwanza ya mlima. Mimi hujiendea zangu jikoni. Nikiwa huko huwasikia wageni wakicheka palepale wanapocheka wageni wote, nikajua risasi zimefika kwenye kabichi.

Hadithi yenyewe ni hii. Wanajeshi wenzao walikuwa wamezingirwa juu ya mlima, katika nchi ya watu ambayo yeye huwa haitaji, na chakula kilikuwa kimewaishia. Ukatumwa msafara wa malori kuwapelekea msaada. Lori la mbele lilibeba maji, lililofuata lilibeba dawa, na la mzee wangu, mtoto wa wakulima wa milimani, lilijaa kabichi. Kando yake alikaa mwenzake, kijana wa huku ziwani, ambaye njia nzima alilalamika kwamba jeshi zima halina mtu hata mmoja anayejua kupika samaki. Walipofika penye kona walikuta barabara imezibwa kwa matawi mabichi. Lori la mbele likasimama, na risasi zikaanza kumiminika kutoka juu.

Hapo mzee wangu huinuka kitini, mguu mbovu na yote, akawaonyesha wageni jinsi risasi inavyolia ikiingia kwenye kabichi. Hulia pu, anasema, kama mtu aliyekula akashiba. Anasema pia kwamba risasi ikiingia kwenye kabichi za kwetu haitoki upande wa pili, na kwamba serikali ingekuwa na shukrani mboga ile ingepewa nishani. Baadaye malori ya nyuma yaliyasukuma matawi mpaka njia ikafunguka, kabichi zikafika kileleni, zikapikwa, na watu waliokuwa wamezingirwa wakazila huku wakitema vipande vya risasi kama mbegu za mapapai. Yeye wakati huo alikuwa ameshaamka hospitalini, mguu ukining'inia kwenye kamba. Wageni hucheka, chai hunywewa, na hadithi huishia hapo.

Lakini mimi ni mfanyabiashara. Gunia lililofunguliwa njiani likapunguzwa kisha likashonwa tena, mimi hulijua nikiliinua tu. Kati ya kabichi na hospitali kuna kitu kimetolewa. Niliwahi kumuuliza, tulipokuwa bado vijana, yule mwenzako wa ziwani alipatwa na nini. Alinyanyuka akaenda kutengeneza bomba la maji ambalo halikuwa limeharibika. Sikumuuliza tena. Katika hadithi yake mtu huyo hana jina, ni “yule mwenzangu” tu, na baada ya kabichi hatajwi.

Hata hivyo ni kwa sababu ya huyo mwenzake sisi tunaishi Kisumu. Alikuwa amemsifia mzee wangu ziwa hili hata akamchosha. Kwetu ni matutani, kule milimani, maji huko yana haraka, hayakai mahali watu wakayatazama. Mzee alipostaafu aliniambia anakwenda Kisumu kuhakikisha kama alidanganywa. Tulikuja pamoja. Alisimama kando ya maji akiegemea fimbo yake, muda mrefu, mpaka nikaona haya kwa ajili ya watu waliokuwa wakipita. Kisha akasema hakudanganywa, na kwamba tutafute nyumba. Nikaanza kuuza kabichi na viazi sokoni Kondele, vinavyoletwa kutoka kwetu, na mpaka leo wateja wangu huniita Mama Waru, yaani mama wa viazi, ingawa ninachouza haraka zaidi ni kabichi.

Jambo moja lilibaki gumu. Mzee wangu, dereva wa jeshi, hashiki usukani tena, na hapandi mahali penye mlima. Akialikwa kwetu matutani, mguu huuma. Mwezi mwingine akialikwa Ahero, kule tambarare kwenye mashamba ya mpunga, mguu ni mzima, utadhani umebadilishwa. Nilikuwa nikimwambia mguu ule umesoma jiografia. Nilimtania hivyo kwa miaka mingi, na kusema kweli wakati mwingine nilimtania kwa hasira, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikienda kwenye sherehe za ukoo peke yangu na kuulizwa bwana yuko wapi.

Kisha kijana wetu akaoa msichana wa Kiluo wa juu ya Sondu. Ukishapita soko la Sondu, barabara ya kwao inaanza kupanda na kujipinda, na haiachi kupanda mpaka ikufikishe kwenye uwanda ambako watu hulima na kufyatua matofali. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe mguu uliuma. Siku ya mahari uliuma zaidi. Alituma ndugu yake mara zote mbili, na ndugu yake ni mtu mzuri, lakini wale watu waliona. Mluo anaweza kukusamehe mambo mengi, ila mkwe asiyeonekana si mojawapo.

Mwaka jana babu ya mkaza mwana wangu alifariki. Alikuwa mzee sana, ameona vitukuu, amezika wenzake wote, na watu wa kwao walisema wazi kwamba haya yatakuwa matanga ya kuchinja na kucheza, si ya kulia. Kabla hajatangulia nyumbani kwao, mkaza mwana alikuja kwetu. Ni msichana mcheshi, lakini siku ile aliketi ukingoni mwa kiti kama mgeni.

“Baba,” alimwambia mzee wangu, “hii mara mguu isiume. Huko kwetu, kama wakwe hawajafika matanga na mzee wao mbele, watu watasema mimi nilienda kuolewa na watu bure.”

Mzee wangu aliutazama mguu wake kama aliyetaka kuushauri kwanza. Kisha akasema atafika. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, na nilimwona jasho limemtoka, ilhali ilikuwa asubuhi ya baridi.

Basi nikapanga msafara. Kwa Waluo mkwe haendi matangani mikono mitupu, na akienda haendi kimyakimya. Fahali alishatangulia. Nilijaza pikapu kabichi, viazi, sukari na mikate, na kabichi nilizichagua mwenyewe, zile za kukumbatiwa kwa mikono miwili. Nyuma yake ikafuata nisani, matatu ya kukodi, iliyobeba akina mama wenzangu wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, viatu vimepigwa rangi. Kijana wetu akaendesha nisani. Mzee wangu akakaa mbele kando yake, amevaa koti la kijivu na tai. Nilimweleza mambo yatakavyokuwa: tutasimama mbali na boma, tutapiga honi, akina mama wa pale watatoka na nyimbo kutupokea.

Nilichosahau kumweleza ni tero buru. Mzee wa Kiluo akifa, wanaume wa kwao hukusanya ng'ombe, hujipaka udongo, hubeba mikuki na marungu na matawi, wakatoka mbio kwenda kupigana na kifo na kukifukuza hadi mpaka wa kijiji. Ni vita vya kuigiza, lakini ukiviona hutajua kwamba ni vya kuigiza. Mimi nilidhani vimeshapita asubuhi. Na mzee wangu ameona matanga mengi yakipita Kondele, pikipiki zimefungwa matawi, mabati yanapigwa. Ila Kondele ni tambarare, na huwezi kuviziwa mahali ambapo kila baada ya hatua mbili kuna mtu anakuuzia chapati.

Mpaka Sondu alikuwa akizungumza, hata alimkosoa kijana jinsi anavyobadilisha gia. Tulipoanza kupanda akanyamaza. Mkono wake ulishika kile kishikio kilicho juu ya mlango na haukukiachia. Nilikuwa nyuma yake, nikiitazama shingo yake iliyonyolewa vizuri kwa ajili ya wakwe, na huruma ikanijaa kifuani mpaka nikajutia ule utani wote wa jiografia. Nilitaka kumgusa bega, lakini akina mama walikuwa wakiimba, nikaona nitamwaibisha.

Pikapu ilifika konani kwanza, ikasimama. Barabarani palikuwa na matawi mabichi, yametupwa upana mzima wa njia. Yaliachwa na vijana waliokuwa wakiyakata kwa ajili ya ile tero buru, hilo nililijua baadaye. Kabla hatujauliza neno, filimbi ikalia juu yetu, kisha pembe, kisha kishindo, na kutoka juu ya mlima wakatokea wanaume wenye nyuso za udongo, mikuki imeinuliwa, wakikimbia kutujia na kundi zima la ng'ombe mbele yao.

Mzee wangu alifungua mlango kabla gari halijatulia. Sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kabla wala baada ya siku ile. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya mtu anayejua kwamba atatiiwa. Alisema tushuke upande wa kushoto, tulale chini, vichwa tusiinue. Nasi tukashuka. Mpaka leo akina mama wale wakiulizwa kwa nini walitii wanasema hawajui, miguu ilikwenda yenyewe. Upande wa kushoto palikuwa na mashimo ya udongo wa matofali, yamejaa maji ya mvua ya jana. Tukatumbukia humo sote: mwenyekiti wa akina mama na mkoba wake juu ya kichwa, mimi, kijana wangu, na mzee akiwa wa mwisho, amemshikilia dereva wa pikapu shingoni na kumkandamiza topeni huku akimfunika kwa mwili wake.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawakusema kama wenzake nao wataingia topeni pamoja naye.

Kilichotuokoa ni kabichi. Ng'ombe wale walikuwa wamefukuzwa mbio tangu asubuhi bila kula, na waliponusa pikapu yangu walisahau kabisa kwamba wako vitani. Wakaizunguka, wakaanza kutafuna. Waliokuwa nyuma wakawasukuma wa mbele ili nao wapate, wapiganaji wakawagonga ng'ombe, na vita vyote vikakwama pale barabarani. Mtu aliyebeba ngao ya ngozi alikuwa akimvuta fahali mkia na kumsihi kwa Kijaluo. Niliinua kichwa shimoni nikaona kabichi yangu nzuri kuliko zote ikiingia mdomoni mwa ng'ombe wa watu, na hasira za biashara zikashinda woga. Nikatoka shimoni nikipiga kelele za kwetu.

Wenzangu wakanifuata. Tulikuwa wekundu kuanzia vitambaani mpaka viatuni, udongo umetupaka nyuso zote. Wale watu wakatutazama. Kisha wakaona nisani, wakamwona kijana wangu, wakaelewa kwamba ni wakwe, na kelele za furaha zilizopanda hapo zilisikika mpaka bomani. Walidhani tumefanya makusudi. Walidhani tumejipaka udongo na kujificha ili tuwavizie, maana vita vyao vilihitaji adui, na hakuna wakwe waliowahi kuwapa heshima ya namna ile. Mama mmoja alinikumbatia akanizungusha. Mtu akikupa sifa usiyoitafuta, unasema asante.

Lakini mzee wangu hakutoka shimoni. Nilirudi nikamkuta amekaa topeni, koti la kijivu limekwisha. Dereva wa pikapu alikuwa ameshajikwamua, ila mzee bado alikuwa ameikunja mikono kifuani kana kwamba ameshika mtu. Aliniangalia akasema nimrudishe nyumbani. Alisema amemwaibisha mtoto wa watu. Nilishuka nikakaa kando yake.

Aliyetukuta hapo ni mjomba wa mkaza mwana wangu, ndiye aliyekuwa akiongoza vita. Alikuwa mtu mzima, mkuki mkononi, kofia ya manyoya kichwani, saa ya mkononi juu ya udongo. Alitazama mikono ya mzee wangu, akatazama ule mguu. Nafikiri mkaza mwana alikuwa amewahi kumweleza kidogo. Aliweka mkuki chini, akachuchumaa ukingoni mwa shimo.

“Jaduong',” alimwita, yaani mzee kwa Kijaluo, “sisi hapa tunafukuza kifo. Kama wewe pia uko na yako, lete. Twende nayo mpaka mpakani.”

Mjomba hakuharakisha. Barabarani watu walikuwa wakiwatenga ng'ombe na kabichi kwa shida, wakicheka. Kisha mzee wangu akanyoosha mkono. Mjomba akamvuta juu, akaokota tawi moja katika yale yaliyoziba njia, akampa.

Sikuamini macho yangu. Mguu ule uliosoma jiografia ulikwenda. Ulichechemea, lakini ulikwenda, tena kwa kupanda mlima, katikati ya wanaume wenye mikuki, tai ya mume wangu ikiwa mgongoni. Akina mama wote tulifuata nyuma tukiimba kila mtu wimbo anaoujua. Tulifika kwenye kijito ambacho ndicho mpaka wao. Pale wanaume waliyapiga maji kwa matawi, wakakitukana kifo, wakamtaja marehemu na matendo yake. Kila mmoja alipiga kelele zake.

Mzee wangu alisimama mpaka wengi walipomaliza. Akainua tawi lake, akaita jina la mtu.

Lilikuwa jina la Kijaluo. Nilikuwa sijawahi kulisikia mdomoni mwake, si mchana wala katika ndoto zake mbaya, nami nikajua mara moja ni la nani. Mjomba akamuuliza ni nani. Mzee wangu akasema alikuwa mtu wa ziwani, mwanajeshi, ndiye aliyemvuta yeye kutoka kwenye lori akamlaza mtaroni na kulala juu yake mpaka risasi zikaisha, na kwamba alizikwa wakati yeye yuko hospitalini, hivyo hakuwahi kumfukuzia kifo chake. Alisema yote hayo kwa mfululizo, kama mtu anayeshusha magunia. Mjomba akageuka akaliita jina lile kwa nguvu. Halafu wote wakaliita, watu wasiomjua kabisa, wakayapiga maji tena kuanzia mwanzo. Nililia hadharani na sikujali.

Bomani, mkaza mwana wangu alitupokea akatushika mikono yetu ya udongo mbele ya ukoo mzima. Alikuwa akicheka na kulia. Mzee wangu akapewa kiti mbele, akapewa supu, na kabla supu haijapoa alikuwa ameshaanza hadithi. Nilitafuta jikoni pa kwenda, lakini ugenini huna jikoni, nikasikiliza. Ilikuwa hadithi ileile, na risasi zilipofika kwenye kabichi watu wakacheka palepale. Ila safari hii hakurukia hospitalini. Alieleza kwamba njiani, kabla ya ile kona, mwenzake alimwambia mama yake hawezi kuamini kuna kabichi kubwa kama kichwa cha ndama, na yeye akamwahidi kwamba wakirudi atampelekea moja aione.

Tulirudi Kisumu jioni, tumechoka, pikapu ikiwa tupu. Kabichi zilizonusurika midomoni mwa ng'ombe zililiwa na waombolezaji, na huko kwao tunaitwa mpaka leo wakwe wa vita. Koti la kijivu nililifua mara kadhaa. Rangi yake sasa haina jina.

Jumamosi iliyofuata niliamka nikamkuta mzee amelivaa. Amenyoa ndevu. Alikuwa uani anapekua kabichi zangu zilizofika usiku, anaziinua mojamoja, anazipima kwa mikono miwili na kuzirudisha. Nilimwambia aipanguse mikono kwanza, hizo ni za wateja. Akaichagua moja, kubwa kuliko zote, akaifunga kwenye gunia kwa kamba mpya, akaniambia nivae tunakwenda ng'ambo ya ghuba, ameshapiga simu kwa jamaa za yule mwenzake na wamesema mama yake bado yuko hai, ila macho yamepungua.

Nikamwambia kama macho yamepungua basi hataiona.

“Ataishika,” alisema.